Maswali Yenu: Jiwe la Bahari Kwenye Begi la Mtoto

Wapendwa, likizo hii meseji zote ni visiwa visiwa. Ukienda Kunduchi Jumapili asubuhi unaona kabisa kwanini, foleni ya boti utadhani daladala za Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni. Nimechagua maswali manne, mawili nimejibu kirefu maana yamenikuna, hayo mengine mtanisamehe.

"Shikamoo. Jumapili tulienda Mbudya na watoto, tumekula samaki, tumeogelea, raha tupu. Kufika nyumbani Tabata nafungua begi la mwanangu wa miaka 8 nakuta makombe mawili makubwa na jiwe la matumbawe. Bibi yake ni mtu wa Pwani, kaja juu, anasema virudishwe vitatuletea balaa. Baba watoto anacheka, anasema baharini kumejaa hayo mawe. Nani yuko sahihi?" — Mama wa watatu, Tabata

Marahaba mama. Bibi yuko sahihi, ila mi sababu yangu ni nyingine kidogo.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, yaani ile hela mnayolipa mkishuka sio ya mchanga na kivuli, mnaingia hifadhini, na kitu cha hifadhi kinabaki hifadhini hata kama ni kombe tupu. Na hilo kombe tupu lenyewe sio tupu kihivyo, kuna wale kaa wadogo wenye tumbo laini lisilo na gamba wanaishi humo, akikua anahama anatafuta kubwa zaidi, kama sisi na vyumba vya kupanga. Umebeba kombe umebeba nyumba ya mtu.

Hilo "jiwe" sasa. Tumbawe linajengwa na vidudu vidogo sana, kila kimoja kinaweka chokaa yake kidogo, na yale ya mviringo yanaongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Ukiona chini ya maji bonge lenye kimo cha mita moja na ushee ujue lilianza kabla bibi hajazaliwa. Kwahiyo shemeji akisema kumejaa, mwambie apige hesabu ya boti zinazoshuka pale Jumapili moja na kila mtoto na begi lake, afu azidishe kwa miaka.

Usifunge safari kwa ajili ya hivyo vitu, siku mkienda tena mpe mtoto mwenyewe avikabidhi kwa askari wa hifadhi pale mnapolipia kiingilio. Na usimgombeze, mi nilivyokuwa na umri wake nilikuwa na ndoo nzima chini ya kitanda na hakuna aliyeniambia kitu, harufu tu ndo iliniumbua.

"Braza, mi mzaliwa wa Jibondo, Mafia, sasa hivi nipo Mbagala napiga bajaji. Babu yangu kavua bahari ile maisha yake yote. Leo tunaambiwa hapa usivue, pale mshipi tu, nyavu ile marufuku, halafu wageni wanashuka na mitungi mgongoni kuangalia samaki walewale tuliokatazwa. Afu mnatuandikia gazetini mambo ya urithi. Urithi wa nani?" — Mjibondo, Mbagala

Mdogo wangu, hili swali nimelikalia siku tatu.

Kwanza tuweke sawa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa 1995, chini ya sheria iliyopitishwa 1994, ndo ya kwanza ya bahari nchini, kilomita za mraba 822, na tofauti na mbuga nyingi za wanyama haikuhamisha watu, vijiji vimo ndani yake. Maji yamegawanywa, kuna sehemu hazivuliwi kabisa, kuna sehemu wanavua wenyeji tu na kwa zana zilizoruhusiwa, na kuna sehemu ambazo hata wa nje ya hifadhi wanaweza kuingia kwa kibali. Hiyo ya katikati ndo nataka uiangalie vizuri, maana wewe na babu mmewekewa bahari ambayo mtu wa kutoka Dar na mashine zake haruhusiwi kuigusa. Na babu atakuwa anakumbuka baruti. Sisi hapa Dar tumesikia sana mlio ule, tuuh, samaki wanaelea dakika mbili na mwamba umekuwa kifusi, na kifusi hakizai samaki, mawimbi yanakizungusha tumbawe jipya halipati pa kushika.

Ila sikatai malalamiko yako. Kama kijiji hakioni hela ya kiingilio inafanya nini, kama mvuvi anajua sheria kwa kukamatwa tu, hapo mtu ana haki ya kuuliza urithi wa nani, na mkutano wa kijiji ndo pa kuulizia hadi mjibiwe kwa hesabu.

Sasa hilo neno urithi. Nilifika kisiwa cha Juani, huko huko Mafia, kwenye magofu ya mji wa kale wa Kua, nikasimama kwenye nyumba moja nikashangaa mbona vyumba vyembamba hivi, virefu lakini vyembamba, na watu walikuwa na uwezo wa kujenga kuta nene kiasi kile. Mzee aliyenitembeza akacheka, akanionyesha juu, matundu ya boriti. Boriti za mikoko. Chumba kinakuwa na upana wa boriti yako, na boriti ya mkoko haizidi mita tatu hivi, basi. Kuta ni mawe ya matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, na mapambo ya milangoni na mihrabu za miji hii ya pwani yalikuwa yanachongwa kwenye tumbawe bichi limetoka majini, likiwa bichi linakatika kama muhogo likikauka linakuwa jiwe. Mji mzima umetoka baharini na kwenye mikoko! Ndo maana mi siwezi kuelewa mtu anaposema hii ofisi ni ya samaki na ile ni ya magofu.

Na mikoko na mwamba vikiondoka mawimbi yanakuja na nguvu zote. Kisimani, ule mji mwingine wa kale kule Ras Kisimani, sehemu kubwa imeshaliwa na bahari, unaambiwa mji ulikuwa pale unaonyeshwa maji.

Halafu kuna urithi ambao hauko kwenye kibao chochote cha hifadhi na hapo ndo nakuunga mkono kabisa. Kwenu Jibondo fundi anaunda mashua nzima bila karatasi, jicho na shoka na tezo. Na babu yako ana majina ya miamba. Kila mwamba, kila mkondo, kila fungu lina jina lake, kwanini linaitwa hivyo, maji yakiwa bamvua, yaani yale makubwa, samaki gani anapita, upepo wa kusi ukivuma unajificha wapi. Wapiga mbizi wameyapa maeneo hayo majina yao ya Kizungu na ndo yako kwenye ramani za intaneti, ya babu yako kichwani mwake tu. Simu unayo, ukienda sikukuu mrekodi. Mwache aongee asubuhi baada ya chai, usimkatize, na muulize na majina ya watu waliozama huko maana mara nyingi jina limetokana na hapo. Ukirudi nitumie kidogo niandike humu, jina lako nitaficha ukitaka.

"Habari. Mi mwanachuo, nipo Ubungo, nataka kwenda Mafia kuona Kua na papa potwe, bajeti ya kistudenti. Nianzie wapi na niende lini?" — Msafiri wa mkopo

Ndege ipo, haichukui hata saa, lakini kwa bajeti hiyo wewe nenda Mbagala Rangi Tatu alfajiri upande gari la Nyamisati, pale unapata boti au kivuko hadi Kilindoni, Mafia. Ratiba inafuata maji kwahiyo usipange mtihani kesho yake. Kilindoni unakwenda Utende, ndo geti la hifadhi na unapolipia, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho. Kutoka hapo ni boti tena hadi visiwa vya Chole na Juani, mtafute mwenyeji mpatane kabla ya kupanda sio mkifika.

Potwe wanaonekana zaidi Oktoba hadi Machi, na wao hawapo huko hifadhini, wako upande wa Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na wewe, usimshike, usimzibe njia.

Kua sasa. Wazee wanasimulia ugomvi wa Kua na Kisimani, kwamba upande mmoja ulipounda jahazi uliwalaza watoto wa upande wa pili chini lipite juu yao wakati wa kulishusha, waliofiwa wakanyamaza miaka, afu wakawaalika wabaya wao harusini kwenye chumba cha chini ya ardhi, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mlango ukazibwa kwa ukuta. Ukweli wa hadithi kila mtu na lake. Kilichoandikwa ni kwamba mji ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska miaka ya 1820, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwani, baadaye Chole ndo ikawa mji mkubwa.

Utakuta vigae vya vyungu chini, usiokote hata kimoja. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na mbali na sheria, kigae kikiwa pale kinasema kitu, kikiwa mezani kwako Ubungo ni takataka. Wenzio wamebandua mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kama pambo kwenye makaburi ya kale yenye nguzo hapa hapa Kunduchi, nenda kaangalie yamebaki mashimo ya duara. Usipande kuta kupiga selfi. Mizizi iliyokumbatia ukuta nayo usivute, ndo iliyoupasua lakini saa nyingine ndo hiyo hiyo inaushikilia. Ukikuta ubani au kitambaa kwenye kaburi, pita taratibu, pale pana wenyewe.

"Jirani yangu anauza nyama ya kasa kwa siri, anasema ni dawa. Kweli? Na popo wa Chole nasikia wakubwa kama paka, wanauma?" — Muoga, Kigamboni

Kasa sio dawa, na ni kosa la jinai. Nyama yake saa nyingine ina sumu ambayo kuchemsha hakuitoi. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima 1 baada ya kuila. Mwambie leo, usisubiri kesho.

Popo hawana shida na wewe, wanakula matunda. Mchana wamening'inia mitini wanagombana kama wanawake wa bombani, jioni wanaondoka wote pamoja mbingu inakuwa nyeusi. Ukiwa na embe, lile kabla ya magharibi.