Dada, kiwanja usiuze: TIRADS 4 si saratani hatua ya nne

Hebu mpigie huyo dalali umwambie asubiri. Nimesoma uzi wako vizuri tu mpaka pale uliposema mnunuzi wa kiwanja cha Mkuranga anakuja Jumamosi, damu ikanipanda kichwani, kwa hiyo pole zako utazipata baadaye. Umesema altrasaundi imeonyesha kivimbe kwenye tezi ya shingo, karatasi imeandikwa TIRADS 4, umeshachomwa sindano ya kuvuta chembe za kupima na majibu bado. Umeuliza upate vipi usingizi, mama umwambie au umfiche, kabichi ule au uache, na kama ule unga wa mizizi unaouzwa WhatsApp unafaa. Halafu katikati hapo, kama jambo dogo, umechomekea kwamba kiwanja unakiuza "ili hela ya matibabu iwe tayari, maana ni hatua ya nne".

Nani kakwambia ni hatua ya nne?

Aliyeniambia mimi namjua. Jamaa wa duka la dawa mtaani kwetu, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Hospitali waliniambia nirudi majibu ya sindano yakitoka, mimi nikawa sili silali, nikampelekea yeye karatasi yangu ya altrasaundi, nayo TIRADS 4 kama yako. Akaishika, akaitazama kama hakimu anayejiandaa kusoma hukumu, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Jamani! Hujaniambia naumwa nini, unaniuliza idadi ya yatima? Ndipo akasema: "Nne ndiyo ya mwisho, kaka. Tano hakuna."

Tano ipo! TIRADS inaanzia 1 hadi 5 na haihusiani kabisa na hatua za saratani. Ni alama ambazo msomaji wa picha anakipa kivimbe kutokana na sura yake: kimejaa maji au ni kigumu, kingo zake ni laini au zimechongoka, kina vipunje vya chokaa au hakina. Daktari anaangalia alama hizo pamoja na ukubwa wa kivimbe, anaamua nani achomwe sindano na nani aangaliwe tu. Kwa mfumo wa Wamarekani wa 2017, namba 4 ina uwezekano wa saratani wa asilimia 5 hadi 20. Igeuze hiyo hesabu uone: kati ya watu mia wenye karatasi kama yako, themanini na zaidi hawana saratani. Na kuna hili la kuchekesha. Hata saratani zenyewe zilizo za kawaida kwenye tezi hii, papilari na folikula, mgonjwa akiwa chini ya miaka 55 anawekwa hatua ya kwanza au ya pili basi, hata kama imesambaa mwilini. Mimi arobaini nilikuwa sijaifikia. Nilikuwa nalilia hatua ambayo watu wa umri wangu hatukuwekewa!

Ila hayo niliyajua wakati maji yameshamwagika. Siku ile nilitoka dukani kwa yule bwana nikampigia dalali nikiwa bado nimesimama barabarani. Kiwanja kilikuwa Chanika, nilikilipia kidogo kidogo, mke anakata huku na mimi nakata kule. Nikamwambia dalali nataka hela wiki hii hii. Dalali akisikia "wiki hii", bei anaipanga yeye. Mnunuzi akaja, akanikuta nimekonda, akanipa pole ya dhati kabisa, na akanipa nusu ya bei. Tukaenda serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini, na mimi nikasaini moyo umetulia, najiona baba mwenye busara anayepanga mambo ya familia yake. Hapo ndipo hofu inapokumaliza. Inakutafutia shughuli, na ukishauza kitu unajisikia umefanya la maana, usiku mmoja unalala.

Na sikuishia kwenye kiwanja. Suti ya harusi nikampa shemeji. Kuna mtu nilikuwa namdai siku nyingi, nikampigia usiku nikamwambia nimekusamehe, ishi kwa amani. Leo nikimgusia ananijibu, "Kaka, si ulisamehe mwenyewe, tena kwa machozi?" Suti shemeji anaivaa kanisani, na inamkaa kuliko ilivyonikaa mimi. Tuliache hilo.

Majibu yakatoka: Bethesda I. Nikashangilia, nimeshuka kutoka hatua ya nne mpaka ya kwanza! Na yule muuza unga (ndiyo, dada, nilinunua) akadai sifa zote ni za unga wake. Kumbe Bethesda ni mfumo mwingine tena, I hadi VI, wa kusoma chembe zilizovutwa na sindano, na I maana yake ni kwamba chembe hazikutosha kusomeka. Si heri wala si shari, rudi uchomwe tena. Nikachomwa tena, ikaja II: si saratani, tutakifuatilia kwa altrasaundi. Nikamuuliza daktari kama kuna njia ya kumrudishia mtu hela yake nikachukua kiwanja. Akanitazama, akasema hiyo si idara yake.

Kwa hiyo nakwambia neno moja tu: mpaka daktari aliyeagiza kipimo akusomee majibu, usifanye kitu ambacho kesho huwezi kukirudisha. Kuuza, kusamehe deni, kuacha kazi, kutoa hisa kwenye kikoba, kutangaza kwenye grupu la ukoo. Kulia ruksa. Na usiniambie utachelewa matibabu. Hata yakija mabaya, papilari ndiyo inayoongoza na kwa kawaida hukua taratibu. Upasuaji unapangiwa tarehe, haufanywi usiku uleule. Kiwanja utakiuza wakati huo kwa bei ya mtu anayejua bei. Kwanza umeshauliza bima yako inalipa nini?

Unga nao ni hivyo hivyo, usianze. Dawa nyingine za tezi zinazouzwa huko zina madini joto mengi, na mwenye vivimbe akijazwa madini joto ghafla tezi inaweza kumwaga homoni kupita kiasi, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Wangu sijui ulikuwa na nini. Najua moyo ulikimbia, na nikahesabu kuwa ndiyo roho inatoka.

Usingizi utakuja, hasa ukiacha kusoma ile karatasi usiku. Majibu kuchelewa si dalili ya ubaya. Wataalamu wa patholojia nchini ni wachache, na vioo vyenye chembe zako viko kwenye foleni na vya wenzako.

Siku ukiitwa, nenda na mtu anayejua kuandika haraka, muulize daktari mambo matatu: Bethesda ngapi, chembe zilitosha, na kinachofuata ni nini. Wakisema I, usishangilie kama mimi. Utachomwa tena, na wakikwambia usimeze mate, usimeze.