Jibu: SSD ya TB 2 kwa elfu 45, ninunue? Usitume hela mkuu, yalinikuta mimi hapa Mtwara

Mkuu wa Nachingwea nimesoma swali lako mara mbili. Una laptopu ya Dell Latitude E6430 yenye hadi diski (hard disk, ile ya sahani inayozunguka) ya GB 500, ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukakuta duara bado linazunguka, hela ya korosho imeingia, umeona mtandaoni SSD (diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka) ya TB 2 kwa elfu 45 mpaka mlangoni na unauliza uvute au usivute. Usivute. Ningeishia hapo ila najua mtu akiambiwa "usifanye" bila sababu kesho yake anatuma hela, maana na mimi niliambiwa na nikatuma.

Mimi nina kibanda cha steshenari hapa Chikongola, nachapa mitihani, barua, mihtasari ya vikao, na mashine za watu zikiugua nazifungua mwenyewe, sijasomea popote nimejifunza kwa kuharibu za kwangu. Sasa 2021 mjomba wangu wa Newala alikuwa anaoza binti yake, nikapewa kazi ya kurekodi shughuli nzima, siku tatu, kamera mbili za kuazima. Nikahitaji pa kuhifadhia. Nikaona kwenye ukurasa mmoja SSD ya nje TB 2, elfu 60, picha nzuri, watu wametoa maoni chini "nimepokea asante boss", nikalipa, ikaja na basi baada ya siku mbili. Nikaichomeka, Windows ikaonyesha TB 1.81, nikasema safi kabisa hii ndio TB 2 yenyewe. Nikahamishia video zote, zikaingia bila kelele, majina nayaona kwenye folda, ukubwa wa kila faili upo sahihi. Nikafuta kadi za kamera nikazirudisha kwa wenyewe.

Wiki iliyofuata nafungua nianze kuhariri, video za siku ya kwanza zinacheza, za siku ya pili zinacheza mbili tatu, kuanzia hapo zote haziamki. Jina lipo, ukubwa upo, ndani hakuna kitu. Nikajaribu programu za kuokoa mafaili usiku kucha, wapi. Mwisho nikaipasua ile SSD kwa kisu. Ndani kuna kadi ndogo ya simu ya GB 32 imegandishwa na gundi kwenye kibao cha USB, na pembeni kipande cha chuma kimewekwa ili ukiishika mkononi uone ina uzito. Mpaka leo nikifika Newala kwenye shughuli mjomba lazima amuulize mtu mbele yangu "hivi ile video ya harusi iliishia wapi", halafu anacheka peke yake.

Inavyofanya kazi ni hivi. Chipu ya ndani imebadilishwa programu yake ili ikiulizwa na kompyuta "una nafasi kiasi gani" ijibu TB 2. Kompyuta haina macho, inaamini. Unapokopi, orodha ya majina inaandikwa vizuri tu, lakini nafasi ya kweli ikijaa inaanza kuandika juu ya vilivyotangulia au inavitupa hewani kabisa, na wala haitoi ujumbe wa kosa. Ni sawa na karani wa ghala anayekuandikia stakabadhi ya tani 20 wakati ghala lake linaingia tani moja, karatasi unayo mkononi, siku ya mnada korosho hakuna. Kwa hiyo kuangalia tu ukubwa kwenye Windows sio kutesti, huo ndio mtego wenyewe, na yale maoni ya "nimepokea asante" wengi wanayaandika siku ya kupokea kabla hawajajaza hata robo.

Kutesti kweli ni kujaza na kusoma tena. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, ya Wajerumani, ukiifungua inakuja na Kijerumani usiogope kuna sehemu ya kuchagua Kiingereza. Inajaza diski nzima kwa mafaili yake inayoyajua halafu inayasoma moja moja, kilichopotea inakutajia. Tatizo lake muda, kama mashine yako inaandika megabaiti 30 kwa sekunde kupitia USB 2 basi TB 2 ni zaidi ya masaa 18 ya kuandika peke yake, na umeme wa huku unaujua. Ukitaka haraka ipo ValiDrive, hiyo inagusa sehemu sehemu za diski nzima na kwa dakika chache unajua kama nafasi ni ya kweli, ila kopi kwanza kilicho muhimu ndio uitumie.

Na usije ukachanganya na hili maana kuna jamaa alinijia kwa hasira akidhani kapigwa. SSD ya kweli ya GB 240 Windows itakuonyesha kama 223, ya 480 itaonyesha 447, ya TB 1 itaonyesha 931. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024, tofauti inatoka hapo tu.

Kosa langu la pili halikuwa utapeli, lilikuwa ujuaji. Mwalimu mmoja wa hapa mjini aliniletea laptopu yake ndogo anataka iwe nyepesi, mimi nikaangalia mtandaoni nikaona neno "M.2" kwenye maelezo ya mashine yake, nikaagiza SSD ya M.2 kutoka duka la Dar bila hata kuifungua. Hiyo ni mwanzoni mwa Mei 2024, kile kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi yamekwama, mzigo wangu umelala huko njiani na mwalimu kila jioni anapita kibandani "vipi fundi", na kabla mambo hayajakaa sawa intaneti nayo ikazingua nchi nzima tarehe 12 baada ya nyaya za baharini kukatika, yaani hata kumtafuta muuzaji kwa WhatsApp ikawa shughuli. Mzigo ukafika. Nafungua laptopu, sloti ni fupi ya milimita 42, mimi nina kipande cha milimita 80! Na hata kingeingia kisingesomeka, maana sloti ile ni ya SATA na mimi nilinunua NVMe, hizo ni njia mbili tofauti za diski kuongea na mashine. Kurudisha Dar nauli ya parseli tena na dukani wakakata chao, nikaiuza hapahapa kwa hasara.

Kwa hiyo naomba ushike hili, M.2 ni umbo tu, sio aina. Ile namba 2242 au 2280 maana yake upana milimita 22 na urefu 42 au 80. Ndani ya umbo hilohilo kuna SATA, ambayo hata ikikimbia sana inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde, na kuna NVMe ambayo ya kizazi cha tatu inafika hata 3500. Kwa macho, M.2 yenye mikato miwili kwenye meno yake mara nyingi ni SATA, yenye mkato mmoja mara nyingi ni NVMe, lakini soma lebo usitegemee mikato.

Sasa yako wewe. Shukuru Mungu E6430 ni mashine ya kizamani na ni rahisi, haina hayo mambo ya M.2. Inakula SSD ya kawaida ya inchi 2.5 ya SATA, ile ya bapa. Geuza mashine, toa betri kwanza, kuna skrubu mbili upande ilipokaa hadi diski, ukizitoa unavuta kidroo chote kinatoka ubavuni, huhitaji hata kufungua mfuniko. Hadi diski imefungwa kwenye kile kidroo kwa skrubu, usiitupe hata skrubu moja. Nilishapokea mashine ya mtu ambayo fundi aliyetangulia alishikilia SSD kwa karatasi za maboksi ya sigara.

Na TB 2 ya nini mkuu? Unasema unaandika ripoti za kikundi na kuangalia muvi. Chukua GB 240 au kama mfuko unaruhusu 480, majina yanayojulikana kama Kingston A400, Crucial BX500, ukijaaliwa Samsung 870 EVO ambayo waranti yake ni miaka 5. SSD ya kweli ya TB 2 hata ukienda Kariakoo mwenyewe ni laki kadhaa, kwa elfu 45 mtu angekuwa anagawa sadaka. Tofauti utaiona siku hiyohiyo, hadi diski ya laptopu inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na afya, tena hiyo ni faili moja kubwa lililonyooka, kwenye mafaili madogo madogo ambayo Windows inayaita wakati wa kuwaka inahaha sindano inakimbia huku na huku ndio maana unapata muda wa kuchota maji. SSD haina sindano. RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine ikiwa inafanya kazi) kama ni GB 4 ongeza ifike 8, iwe DDR3 ya laptopu, DDR4 haiingii mkato wake umekaa kwingine na watu wanalazimisha mpaka wanavunja sloti.

Ile hadi diski ya zamani usiitupe, nunua kava la USB la inchi 2.5 inakuwa diski ya nje ya muvi zako. Ila kabla ya hapo iangalie kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, kama kwenye mistari ya 05 na C5 namba za Raw Values sio sifuri, yaani inakwambia ina sehemu zimeshakufa au ziko mahututi, hamisha vitu vyako leoleo. Programu hiyohiyo ndio itakusaidia kwa muuzaji wa mtumba, inaonyesha masaa diski imefanya kazi. Nilishaletewa "mpya ya boksi" ina masaa elfu 31, hiyo ni miaka mitatu na nusu bila kuzimwa, sijui boksi ndio lilikuwa jipya. Na hata masaa yanarudishwa nyuma siku hizi kama kilomita za gari, mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani iligundulika diski kubwa za Seagate zilizotumika zinauzwa kama mpya na masaa yamefutwa, wakaumbuliwa na rekodi nyingine ya ndani ya diski inayoitwa FARM ambayo walisahau kuifuta. Kama wenzetu wenye maduka ya vioo wanapigwa sisi wa kupokea mzigo kwa konda tujiangalie.

Kuhusu Windows, mimi ningeweka mpya kabisa kuliko kuhamisha ile ya zamani na uchafu wake, flashi ya GB 8 inatosha, ukiwasha bonyeza F12 uchague flashi. Ukiamua kuhamisha ile ya zamani basi kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) pale palipoandikwa RAID au AHCI, yaani namna mashine inavyoongea na diski, usipaguse, paache palivyo, la sivyo utakutana na skrini ya bluu uanze kunilaumu. Windows 11 mashine yako haimo kwenye zinazokubaliwa, Microsoft wanataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea na yako ni ya tatu, na Windows 10 iliisha muda wake Oktoba 14, 2025. Binafsi mashine za hivyo siku hizi nawawekea watu Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, wazee wa vikundi hawajaona tofauti, wanachouliza ni "ile ya kuandika iko wapi".

Namna ya kununua ukiwa huku kwetu sasa. Mimi kwa muuzaji nisiyemjua namwomba apige video, sio picha, aishike SSD, anionyeshe lebo na namba yake ya siri... namaanisha ile serial, halafu aichomeke kwenye kompyuta hapo hapo nione CrystalDiskInfo. Mwenye mali anafanya, dakika tano tu. Tapeli anaanza "boss niko bize wateja wengi" na ukimbana anakuwa mkali. Nalipa nusu, nusu nikipokea, na wapo wanaokubali siku hizi maana wanajua kusini tumeshaumizwa. Mzigo ukija kwa basi andika namba ya risiti ya parseli, na fungua boksi palepale ofisini mbele ya karani, sio nyumbani, maana ukishaondoka nalo maneno ni yako peke yako. Kuagiza China inawezekana ila hesabu wiki nyingi, na bei unayoiona sio ya mwisho, VAT asilimia 18 inaweza kukungoja, kwa kitu cha GB 240 sioni faida yake.

Wengine mtasema nenda dukani mjini Lindi au Masasi. Nendeni, sikatai, ila nimekuta maduka mawili huku yanauza vilevile vya elfu 45, wao wamepigwa kwa jumla wanatupiga kwa rejareja.

Mkuu kabla hujafanya lolote chomoa hiyo hadi diski yako, piga picha ya lebo weka hapa uzini tuione wote, na uniambie RAM ni ngapi. Mimi nipo karibu kila jioni baada ya isha. Waya wa SATA kwenda USB ninao, kama una mtu anashuka Mtwara wiki hii mwambie aje akuchukulie, nitakuazima, ila urudi. Uliopita nilimwazima mtu wa Ruangwa ukaenda moja kwa moja.