Maswali ya Wasomaji: Kuitengeneza kompyuta ya mama ukiwa mbali

*Mama ana kompyuta ya Windows 11. Haipiti wiki bila kunipigia simu: printa imegoma, barua pepe hazionekani, sauti imepotea. Kumwelekeza kwa mdomo kunatuchosha sote wawili. Nimeona programu chungu nzima za kuingia kwenye kompyuta ya mtu kwa mbali. Nianzie wapi?*
— Kifungua mimba

Anzia na ile ambayo mama tayari anayo. Windows 10 na 11 zina Quick Assist, na mama hahitaji kusakinisha kitu wala kufungua akaunti. Abonyeze kwa pamoja Ctrl, kitufe cha Windows na Q. Isipofunguka, aandike jina hilo kwenye sehemu ya kutafutia. Ikiwa haimo kabisa, inapatikana Microsoft Store. Wewe fungua programu hiyohiyo upande wako, chagua kumsaidia mtu, kisha ingia kwa akaunti yako ya Microsoft. Utapewa msimbo wenye alama sita. Msomee taratibu, alama moja baada ya nyingine, maana unadumu dakika 10 tu. Akishauingiza, ataulizwa kama anakubali kukuonyesha skrini. Hapo unaona tu. Ukitaka kushika kipanya, unaomba, naye anakubali mara ya pili.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu wengi. La kwanza, ukijaribu kusakinisha programu au kugusa mipangilio mizito, skrini upande wako inakuwa nyeusi ghafla. Mawasiliano hayajakatika. Windows imefungua dirisha la kuomba ruhusa na kulitenga ili programu nyingine zisiweze kulibofya, na Quick Assist ni mojawapo ya hizo. Mama ndiye anayeliona na ndiye atakayebofya kukubali, kwa hiyo mwambie mapema kwamba litakuja. Kama akaunti yake si ya msimamizi, litadai nenosiri la msimamizi. Hakikisha analo kabla hamjaanza.

La pili ni kuwasha upya. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, kikao kimekufa na mnahitaji msimbo mpya. Kusanya yote yanayodai kuwasha upya, uyafanye mwishoni kwa mkupuo mmoja.

Ikiwa wewe mwenyewe unatumia Mac au Linux, Quick Assist haikufai. Jaribu Chrome Remote Desktop. Mama afungue remotedesktop.google.com/support ndani ya Chrome, aingie kwa akaunti yake ya Google, asakinishe kijiprogramu kinachotakiwa, kisha atengeneze msimbo wa tarakimu 12. Huo unaisha baada ya dakika 5. Kila nusu saa ataulizwa kama anataka kuendelea kukuonyesha. Akiwa ameenda jikoni wakati huo, utakatwa.

*Babu haoni vizuri, na kusoma msimbo ni mtihani kwake. Nataka niweze kuingia wakati wowote bila yeye kufanya chochote.*
— Mjukuu

Hapo unahitaji programu iliyosakinishwa kikamilifu, yenye nenosiri la kudumu, inayojiwasha pamoja na kompyuta. Neno "kikamilifu" tunalitilia mkazo. AnyDesk na RustDesk, kwa mfano, zinaweza kufunguliwa na kutumika papo hapo bila kusakinishwa, lakini zikitumika hivyo zinakwama kwenye lile dirisha la ruhusa tulilolieleza hapo juu. Zikisakinishwa zinaendeshwa kama huduma ya Windows, yaani programu inayofanya kazi chinichini kwa ruhusa za mfumo, na unaweza kulibofya mwenyewe.

Kati ya zilizopo, TeamViewer ni nzuri na ni bure kwa matumizi ya binafsi. Kero yake ni kwamba mitambo yao huweza kukushuku kuwa unafanya biashara na kuanza kukukatia vikao, na anayesaidia ukoo mzima ndiye hasa anayeonekana hivyo. AnyDesk ni nyepesi. Februari 2024 kampuni yake ilitangaza kuwa mitambo yake ilivamiwa, ikabatilisha vyeti vyake vya usalama na manenosiri ya tovuti yake, kwa hiyo usimwachie babu toleo la zamani. RustDesk ni ya chanzo huria, na anayejua kuendesha seva anaweza kuweka yake mwenyewe ili mawasiliano yasipite kwa mtu mwingine. Tungekuwa tunachagulia nyumba yenye mtu mmoja anayeelewa kompyuta, tungechukua RustDesk. Asiyetaka shughuli hiyo atumie Chrome Remote Desktop, ambayo nayo inaruhusu kuingia bila mtu upande wa pili, kwa namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi.

Ukichagua hiyo ya mwisho, kumbuka kwamba kompyuta itaonekana tu ndani ya akaunti ya Google iliyotumika kuisajili. Wengi husajili kwa akaunti yao, wanasahau kutoka, na babu anajikuta akisoma barua pepe za mjukuu. Fungua akaunti ya kazi hiyo pekee, uiwekee uthibitisho wa hatua mbili.

Halafu usingizi. Kompyuta iliyolala haifikiki, hata nenosiri liwe sahihi namna gani. Kwenye mipangilio ya umeme, iambie isilale kamwe ikiwa imechomekwa, na kama ni laptopu iambie isifanye kitu kifuniko kikifungwa. Kompyuta ya mezani huweza kubaki imezimika baada ya umeme kukatika na kurudi. Nyingi zina chaguo ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, la kujiwasha umeme unaporudi. Liweke siku utakayokwenda kumsalimia, maana huwezi kulifikia kwa mbali.

Na babu mwenyewe ajue. Mwonyeshe alama inayotokea mtu akiwa ndani, na namna ya kukata. Kompyuta ni yake.

*Fundi mmoja ameniambia niachane na programu hizi, nifungue mlango 3389 kwenye ruta ya baba nitumie Remote Desktop ya Windows yenyewe. Ni kweli ni bora?*
— Msomaji mwenye shaka

Shaka yako ni halali. Usifungue. Mlango huo, yaani njia yenye namba ambayo Remote Desktop hupokelea wageni kutoka intaneti, unapekuliwa usiku na mchana na mashine zinazobahatisha manenosiri, na baba hatajua mpaka faili zake zifungwe kwa kufuli la kudai fedha. Halafu Windows toleo la Home haiwezi kupokea wageni kwa njia hiyo, inahitaji Pro. Hata ikiwezekana, ukiingia wewe skrini ya baba inajifunga, kwa hiyo haoni unachofanya wala hawezi kukuonyesha tatizo lilipo. Inamfaa mtu anayetaka kufikia kompyuta yake ya kazini akiwa nyumbani, tena kupitia VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti.

Programu tulizozitaja hazihitaji mlango wowote kufunguliwa kwa sababu kompyuta zote mbili ndizo zinazotoka kwenda kukutana kwenye seva ya katikati. Ruta huruhusu kutoka bila maswali.

*Shangazi anatumia Mac. Naiona skrini yake lakini kipanya changu hakigusi kitu.*
— Mpwa

Umepewa ruhusa moja kati ya mbili. Kwenye Mac, kuona skrini ni ruhusa ya kurekodi skrini. Kubofya na kuandika ni ruhusa ya ufikivu. Zote ziko chini ya faragha na usalama kwenye mipangilio ya mfumo. Shangazi awashe ile ya pili kwa mkono wake, aweke nenosiri la Mac, kisha aifunge programu kabisa na kuifungua tena. Bila hatua hii ya mwisho, mara nyingi ruhusa haifanyi kazi.

Kwa kuwa umeulizia Apple, jua pia kwamba kwenye iPhone programu za kampuni nyingine zinakuonyesha skrini tu. Kubofya hazikuruhusu. Kwenye Android inawezekana, mwenye simu akikubali.

*Mtu alimpigia mama mkubwa akijitambulisha kuwa wa Microsoft, akamwelekeza asakinishe AnyDesk. Alikaa ndani karibu saa nzima. Tufanye nini?*
— Tuna wasiwasi

Zimeni Wi-Fi au chomoeni waya wa intaneti sasa hivi, kabla ya kuendelea kusoma. Kisha, kwa kutumia kifaa kingine, mama mkubwa apige simu benki kama alifungua ukurasa wa benki au alitaja namba za kadi. Badilisheni manenosiri kwa kifaa hicho kingine, mkianza na la barua pepe, kwa sababu ndilo linalotumika kurejesha mengine yote. Hapo ndipo mrudi kwenye kompyuta. Ondoeni AnyDesk, halafu pangeni orodha ya programu kwa tarehe ya kusakinishwa na mtazame zilizoingia siku hiyo. Matapeli huacha ya pili kama akiba. Saa nzima ni muda mrefu. Sisi tungenakili picha na nyaraka, kisha tungeisakinisha Windows upya.

Microsoft haiweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu. Kubalianeni nyumbani kwamba msimbo unatolewa au kuingizwa tu pale mama mkubwa mwenyewe alipopiga simu, kwa namba anayoijua. Mtu akimpigia yeye na kudai msimbo au kumtaka auingize, hata sauti ikifanana na ya mwanawe, akate na kumpigia mwanawe.

*Intaneti ya kule ni ya polepole, picha inakwama kila nikisogeza kipanya.*
— Mvumilivu

Chagua ubora wa chini wa picha kwenye programu, ondoa picha ya mandharinyuma, na ikiwa kuna skrini mbili tazama moja. Punguza azimio la skrini ya upande wa pili. Angalia kama OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) au masasisho ya Windows yanapakia wakati huohuo, uyasimamishe kwa muda. Sauti ipitie simu ya kawaida, si ya intaneti. Na usiburute madirisha: tumia kibodi, Alt na Tab kuhama, kitufe cha Windows na herufi R kufungua kitu kwa jina lake.