Usaili wa kwanza saluni: majaribio ya vitendo, uzoefu na malipo

SWALI: Nimehitimu mafunzo ya ususi na urembo katika chuo cha VETA na sijawahi kuajiriwa. Saluni moja ya Kinondoni imeniita kwenye usaili, na nimeelezwa kwamba baada ya mazungumzo nitapewa mteja nimhudumie. Naomba kujua wanaangalia nini hasa, nijibu nini nikiulizwa uzoefu, na kama si utovu wa adabu kuuliza habari za malipo. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Mdogo wangu, hongera kwa kuitwa. Katika kazi yetu mazungumzo ni sehemu ndogo ya usaili. Kinachoamua ni majaribio, na katika majaribio hayo kasi na umaridadi wa mtindo havina uzito kama yale unayoyafanya kabla hujaanza kazi yenyewe kichwani mwa mteja. Mwenye saluni anaweza kukufundisha mtindo mpya kwa muda mfupi, lakini hawezi kumrudishia mteja ngozi iliyoungua.

Chukulia umepewa kurudishia dawa ya kulainisha nywele, yaani ritachi, kazi ambayo mimi huipenda kama kipimo kuliko nyingine zote. Mteja akishakaa, usikimbilie kopo. Muulize aliweka dawa lini mara ya mwisho na ilikuwa ya aina gani, kama ana rangi au hina, kama amefumua rasta siku za karibuni, na kama amejikuna au ameosha nywele jana au leo. Kisha gawanya nywele kwa chanuo, utazame ngozi ya kichwa kizima, hasa kisogoni na nyuma ya masikio, kwa kuwa vidonda vidogo hujificha huko. Ukikiona kimoja, mweleze mteja kwa upole, umwite msimamizi na kusema kwamba kwa maoni yako dawa isiwekwe leo. Wengi huogopa kutamka hivyo wakidhani wataonekana hawajui kazi, ilhali kwangu mimi huyo ndiye anayepata nafasi.

Ujue pia sababu, maana utaulizwa. Dawa hizi ni alkali kali ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hufika 12 na kuzidi, wakati nywele na ngozi ya kichwa hukaa karibu na 5. Ndiyo maana tunapaka vaselini kwenye kingo na masikio, tunavaa glavu, na tunaweka dawa kwenye ukuaji mpya pekee, kwani ikipanda juu ya sehemu iliyokwisha kulainishwa nywele hukatika pale ukuaji mpya unapokutana na sehemu ya zamani. Anzia sehemu ngumu za nyuma, kingo za mbele ziwe za mwisho kwa kuwa nywele zake ni laini, na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo. Mteja akisema panamchoma, suuza mara moja; usimwambie avumilie kidogo. Baada ya kusuuza, tumia shampuu ya kuondoa dawa, na kama ni ile inayobadilika rangi, rudia mpaka povu liwe jeupe kabisa, kwa sababu povu lenye rangi lina maana kwamba dawa bado imo.

Ukipewa kusuka, kinachotazamwa ni mistari iliyonyooka na mkono usiokaza kupita kiasi. Mteja anayeinuka kitini nyusi zimevutika na vipele vimeanza kutokea kwenye paji la uso hajasukwa vizuri, hata kama mistari inapendeza, na akizoea kusukwa hivyo nywele za kingo hunyonyoka. Nenda na machanuo yako yaliyooshwa, vibanio na aproni, kucha ziwe fupi na viatu visiwe vya kisigino.

Kuhusu uzoefu, sema kweli. Kuwasuka ndugu na majirani ni uzoefu, na mafunzo kwa vitendo uliyofanya chuoni ni uzoefu pia. Beba picha za kazi zako za kabla na baada, ulizoruhusiwa na wenyewe. Ukiulizwa jambo ambalo hujalifanya, jibu kwamba ulilifanya darasani tu na kwamba ungependa kulifanya mara za kwanza chini ya uangalizi. Anayedai anajua kila kitu huumbuka ndani ya nusu saa, tena mbele ya mteja.

Kuuliza malipo si utovu wa adabu hata kidogo, ila subiri mwishoni. Uliza kama ni mshahara, kamisheni, au vyote viwili. Kama ni kamisheni, uliza inakokotolewa kabla au baada ya kutoa gharama za vifaa, kwa sababu tofauti ni kubwa: kazi ya shilingi 50,000 yenye vifaa vya 20,000, kwa kamisheni ya asilimia 40, inakupa 20,000 kwa hesabu ya kwanza na 12,000 kwa ya pili. Ukiambiwa ukodi kiti, yaani umlipe mwenye saluni nafasi ya kuhudumia wateja wako mwenyewe, fahamu kwamba hapo wewe si mwajiriwa, na kwa mtu asiye na wateja wake bado mimi sishauri. Ikiwa ni ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Mwisho, uliza kipindi cha majaribio ni cha muda gani na kama kina malipo; ukijibiwa kwamba utafanya kazi miezi kadhaa bila chochote huku wateja unaowahudumia wanalipa bei kamili, shukuru, uage, uendelee kutafuta.