Jibu: Mwembe mzee juu ya mabati, usiukate kichwa

Yaya, umeuliza kama mwembe wa parsele yenu (kiwanja chenu) ukatwe kichwa, yaani sehemu yote ya juu, kwa sababu unafunika mabati na mvua za Novemba zinakaribia. Tafadhali, usikubali. Mti mzee ukikatwa hivyo hutoa machipukizi mengi yaliyoshika juujuu tu, na miaka michache baadaye hayo ndiyo yanayovunjwa na upepo. Vidonda vikubwa vile navyo huoza hadi ndani.

Toa lile tawi linaloelemea nyumba, basi. Msumeno uanze upande wa chini, mbali kidogo na shina, uingie kama theluthi. Kisha ukate juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea ncha ya tawi, tawi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho ondoa kisiki, lakini acha ule uvimbe wa kwenye maungio: hapo ndipo mti hufungia kidonda. Usipake rangi wala oili chafu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni simenti mliyomwaga mpaka shinani. Mizizi inataka hewa na maji, hiyo simenti ivunjeni. Na kwa kuwa mchwa wetu wa Lubumbashi hula mti kwa ndani, gonga shina: likilia kama debe tupu, mtu asipande kabla fundi wa miti hajalikagua.