Rožata ya Dubrovnik bila oveni wala pombe

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mhariri. Mume wangu ni baharia, na meli yao ilipotia nanga Dubrovnik, huko Kroatia, alionjeshwa kitindamlo cha mayai na maziwa kiitwacho rožata, ambacho tangu arudi haishi kukisifu. Kwa kuwa sina oveni, nimejaribu kukipika kwa mvuke ndani ya sufuria, lakini hutoka na vishimo kama sifongo na kujaa maji pembeni. Tena nimesikia kwamba wenyewe hukitia pombe, nasi hatuitumii. Nifanyeje? – Msomaji, Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Vishimo na maji hayo vina chanzo kimoja, nacho ni moto kuzidi. Mchanganyiko wa mayai, maziwa na sukari huganda vizuri ukifika nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ukipita hapo sana, protini za yai hujikaza na kukamua maji ziliyokuwa zimeyashika, na mvuke unaotafuta njia ya kutokea huacha vishimo. Sisi wa Mombasa tuko usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali Nairobi huchemka kwa takriban 95, kwa hiyo maelekezo ya mvuke yaliyoandikwa na mpishi wa bara yanaweza kukuharibia chakula hata ukiyafuata dakika kwa dakika.

Oveni, basi, si lazima. Tandika kitambaa kizito chini ya sufuria kubwa, weka juu yake bakuli la bati lenye mchanganyiko wako, kisha mimina maji ya moto yafike nusu ya kimo cha bakuli. Moto uwe mdogo kiasi kwamba maji yanatikisika tu, wala hayatokoti. Kifuniko kizungushie kitambaa ili matone ya mvuke yasidondokee ndani, na usikikaze. Acha upenyo mdogo wa kupumulia. Baada ya dakika 35 anza kukagua: pembeni pawe pameshika, na katikati patetemeke kidogo ukitikisa bakuli. Ukingoja mpaka katikati pakauke, umechelewa, kwa sababu joto lililobaki ndani huendelea kupika hata baada ya kuepua.

Kwa vipimo, chukua nusu lita ya maziwa, mayai matatu mazima pamoja na viini viwili, gramu 80 za sukari, chumvi chembe na maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa. Chemsha maziwa pamoja na maganda hayo, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha yamimine polepole juu ya mayai huku ukikoroga kwa mwiko. Usipige kwa mashine, maana povu nalo huleta vishimo. Chuja.

Sukari ya kuunguza, gramu 120 hivi, huyeyushwa kabla ya hayo yote katika sufuria kavu, ikamiminwa kwenye bakuli mara inapofikia rangi ya kaharabu. Wengi huiepua ingali ya manjano kwa kuogopa uchungu, na hapo ndipo ladha hupotea, kwani uchungu mdogo ndio unaoukata utamu wa maziwa. Isikutishe ikigeuka ngumu kama kioo. Rožata ikilala usiku mzima katika jokofu, unyevu wake huiyeyusha sukari hiyo ikawa mchuzi, na ndiyo maana kuipindua siku ileile hukupa kitindamlo kikavu huku sukari yote ikibaki imeng'ang'ania bakuli.

Nikija kwenye pombe, wapishi wa Dubrovnik hutia rozalin, ambayo ni pombe tamu ya mawaridi, na harufu hiyo ndiyo inayoitofautisha rožata na kastadi za sukari za nchi nyingine. Wapo watakaokwambia kwamba kilevi chote huisha motoni. Si kweli, sehemu yake hubaki, kwa hiyo anayejiepusha nacho asikitie kabisa. Bahati nzuri waridi si mgeni jikoni mwetu: kijiko kimoja kikubwa cha maji ya waridi, kikitiwa baada ya maziwa kupoa, kinatosha. Ukitumia arki ya waridi, ambayo ni kali kuliko maji yake, tia matone mawili au matatu tu, kwani ikizidi chakula hunukia kama chumba cha bibi harusi. Hakikisha chupa imeandikwa kuwa ni ya chakula, kwa maana baadhi ya marashi ya kurashia wageni yametengenezwa kwa manukato yasiyofaa kuliwa.

SWALI: Je, naweza kutumia tui la nazi mahali pa maziwa? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waweza, ila hiyo haitakuwa rožata tena, na waridi na nazi hazipatani sana kwa ulimi wangu, afadhali hiliki. Tui zito lina mafuta mengi ambayo hujitenga likipata moto mwingi, kwa hiyo lichanganye nusu kwa nusu na maziwa na upunguze moto zaidi. Iwe ya tui au ya maziwa, irudishe jokofuni mara baada ya kuandaa, uimalize ndani ya siku mbili, na kwa joto la hapa isikae mezani zaidi ya saa moja.