Mwembe wa uani Dodoma: ubwiriunga hausubiri mvua

Wengi hapa Dodoma huhesabu ukungu kuwa ugonjwa wa masika, hivyo mvua zikikatika bomba la dawa hurudishwa stoo. Kwa mwembe, huo ndio wakati wa kulitoa. Maua mengi huchanua kati ya Juni na Agosti, na ubwiriunga, yaani ukungu wa unga mweupe, hauhitaji mvua. Usiku wa baridi na mchana mkavu wenye upepo vinautosha kabisa.

Kagua mashada ya maua kila baada ya siku mbili tatu tangu yanapochomoza. Vumbi letu hupoteza watu: hilo hutanda juu ya majani yote, makuukuu kwa machanga. Ubwiriunga hushika vikonyo vya maua na majani machanga, hasa upande wa chini. Ukipangusa kikonyo kwa kidole, unga mweupe hutoka na chini yake utaona kimeanza kuwa kahawia. Baada ya hapo maua hukauka, vijiembe vya ukubwa wa choroko hupukutika, na lawama huenda kwa upepo.

Tumia salfa ya unga ya kuchanganya na maji, ile ya asilimia 80: gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20. Lebo ikitaja kipimo kingine, fuata lebo. Ikoroge kwanza kwenye kopo la maji kidogo hadi mabonge yaishe, la sivyo nozeli itaziba. Anza kabla maua hayajafunguka, rudia kila siku 10 hadi 14 mpaka matunda yashike. Piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi na jua limepoa, maana joto likizidi nyuzi 30 salfa huunguza maua. Vaa barakoa na glavu. Ukiwa umepiga dawa yenye mafuta, subiri wiki mbili kabla ya kupiga salfa. Na usichelewe: salfa hukinga, haifufui ua lililokauka.

Chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, ndiyo ya mvua, yenye madoa meusi yaliyodidimia kwenye tunda. Hiyo hukingwa kwa dawa ya kopa (shaba), lakini kupogoa kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mavuno yakiisha, kata matawi makavu na yanayosongamana katikati hadi mwanga upenye, futa makasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, na fukia matunda yaliyooza.

Majani yakiwa na masizi meusi yanayonata, acha salfa. Tafuta vidugamba, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu, na sisimizi, kisha uoshe kwa sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, ukijaribu kwanza tawi moja.